Betri Iliyokufa Huenda Wapi?

Kijana alikuwa ameilaza betri ya sola ubavu, akaipasua kifuniko kwa shoka dogo, na maji yake yakawa yanashuka taratibu kwenye mtaro wa Kariobangi Light Industries. Pale yalipogusa simiti yalitoa povu jeupe. Suruali yake ya jinzi ilikuwa na vitundu vingi kuanzia magotini kwenda chini, kana kwamba mende walikuwa wameila usiku. Kando yake, juu ya gunia, alikuwa amepanga mabamba ya kijivu yaliyotoka kwenye betri nyingine tatu, na vumbi lake lilikuwa limempaka mikono hadi viwikoni. Nilimuuliza kama anajua anachomwaga. "Ni maji tu ya betri, mathe," akanijibu bila kuinua kichwa. "Yakibaki ndani, mwenye mizani anakata kilo."

Nimefunga na kukagua mitambo ya umeme wa jua kwa zaidi ya miaka 20, mingi ya miaka hiyo katika mitaa hii hii ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi: Umoja, Kayole, Komarock, Dandora, Huruma. Katika ripoti zote nilizowahi kusoma kuhusu kawi safi, sijakutana na maelezo yanayolifikia jibu la kijana yule. Naamini kabisa katika umeme wa jua, na sitaki msomaji afikiri nimekuja kuutia doa. Lakini nasema hivi: hapa Eastlands, swali la kama kawi ya jua ni safi au si safi halijibiwi na paneli iliyoko juu ya bati. Linajibiwa na betri siku inapokufa. Na mahali betri inapokwenda ikishakufa huamuliwa na mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Tusipoigusa bei iliyo kwenye mizani hiyo, mafunzo, mabango na kampeni zetu zote zitapita kando ya tatizo.

Tuanze na betri yenyewe. Betri ya maji ya ukubwa wa ampea-saa 100, ile ambayo wengi wameiweka chini ya kitanda au nyuma ya televisheni, ina uzito wa kilo 25 hadi 30, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni madini ya risasi. Yaliyobaki ni ganda la plastiki na tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Risasi inauzika. Plastiki inauzika. Tindikali haina mnunuzi. Mwenye mizani anajua kwamba akinunua betri nzima atakuwa amelipia lita kadhaa za kitu asichoweza kumuuzia mtu, na ambacho kitamwagika kwenye lori lake njiani, kwa hiyo anakata kilo au anakataa kabisa. Kijana naye anamwaga. Hana ujinga wowote. Anafuata hesabu aliyowekewa, na angekuwa mjinga angeacha maji ndani apate hasara.

Tindikali hiyo haitoki peke yake. Imebeba chembe za risasi na risasi iliyoyeyukia humo. Mtaro wa Kariobangi unateremka hadi mto Nairobi, na mto Nairobi, baada ya kupokea maji ya mto Mathare na baadaye mto Ngong, unapita Njiru na Ruai ambako watu wanamwagilia sukuma wiki na nduma tunazonunua jioni kando ya barabara. Kisha unaingia Athi, na Athi unakwenda kuitwa Sabaki na kumwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Huwa naufikiria mwendo huo kila ninapoona povu lile jeupe.

Madini ya risasi mwilini hujifanya kalisi. Mwili haujui tofauti, unayapokea na kuyaweka kwenye mifupa, na yanaweza kukaa humo miongo kadhaa. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Wala mtoto hahitaji kukanyaga yadi ya vyuma ili apate sumu hii. Baba anarudi nyumbani jioni na ile ile suruali yenye vitundu, anambeba mwanawe, mama anafua nguo zote katika beseni moja. Ugonjwa wenyewe hauna dalili ya kumpeleka mtu zahanati. Mtoto anakuwa mzito wa kushika masomo, anakasirika ovyo, tumbo linamsokota, na mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba hajitahidi.

Nchi hii haiwezi kusema haikuonywa. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, upande wa pili wa jiji letu, lilitoa utafiti kuhusu jaa la Dandora. Watoto na vijana 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa walichunguzwa, na nusu ya waliopimwa damu walikuwa na risasi kupita kiwango kilichokubaliwa kimataifa wakati huo. Jaa lenyewe lilikuwa limetangazwa kujaa tangu 2001. Bado linapokea malori leo. Utafiti ule ulihusu taka za kila aina, wala haukuwa na haja ya kutaja sola, kwa sababu mwaka huo sola za majumbani zilikuwa chache mtaani. Tumeziongeza baadaye, juu ya mzigo ambao watoto wale walikuwa tayari wameubeba.

Kisha kuna Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa ukuta kwa ukuta na makazi ya watu. Phyllis Omido alikuwa amefanya kazi kiwandani humo, akagundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi mwilini, akaanza vita ambavyo mwaka 2015 vilimpa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikauondoa uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Ni ushindi mkubwa, na kila anayeishi karibu na yadi ya vyuma anapaswa kuujua, kwa sababu umesimama juu ya Kifungu cha 42 cha Katiba kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi. Lakini Owino Uhuru ilikuwa na lango moja, bomba moja la moshi na leseni yenye majina ya watu. Huku kwetu sumu imegawanywa katika vibanda vingi, kila kimoja na shoka lake na gunia lake. Wakazi wa mtaa wa Korogocho wakitaka kesho kwenda mahakamani, watamshtaki nani? Kijana mwenye suruali ya vitundu?

Sasa nirudi nyuma kidogo, kabla ya betri kufa, kwa sababu nyingi haziishi umri wake. Betri ya ampea-saa 100 ya volti 12 inahifadhi wati-saa 1,200. Betri ya risasi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo za kutumia kila siku ni 600. Televisheni ya inchi 32 inakula kama wati 50, taa nne wati 20, redio na simu tuseme 15. Kwa saa tano za jioni hiyo ni 425, na betri inalala ikiwa na nguvu. Nyumba kama hiyo, ikiwa na betri iliyotengenezwa kwa ajili ya sola na kontrola nzuri ya kudhibiti chaji, inaweza kukaa na betri moja miaka mitatu hadi mitano. Ongeza friji ndogo, na hesabu imevunjika siku ya kwanza. Mwezi wa saba, mawingu ya Nairobi yanapokaa wiki nzima, hata bila friji paneli ndogo haiijazi betri. Kila inapokaa na njaa, fuwele za salfeti zinaota kwenye mabamba yake na kuwa ngumu, nafasi ya kuhifadhi umeme inapungua, mwenyewe anaishusha zaidi kwa sababu haimtoshi, na fuwele zinazidi.

Kuna pia udanganyifu wa wazi. Betri ya gari ina mabamba mengi membamba, yaliyoundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache injini iwake, kisha ijazwe tena mara moja. Ukiipa kazi ya kuwasha televisheni kila usiku hadi iishe, mabamba yake yanamomonyoka, na mara nyingi haimalizi mwaka. Nimeingia nyumba nyingi Kayole nikakuta betri ya gari imebandikwa karatasi ya sola. Fundi aliifunga kwa sababu ni nafuu, mama mwenye nyumba aliikubali kwa sababu hakuambiwa. Hesabu ya mazingira ni rahisi hapa. Kaya inayoua betri moja kila mwaka itapitisha katika miaka minne risasi yapata kilo 60 mikononi mwa kijana wa Kariobangi, na kaya iliyofungiwa betri inayofaa itapitisha 15. Hakuna teknolojia mpya iliyohitajika kupata tofauti hiyo, ni fundi mkweli tu na kontrola isiyo bandia.

Kuna mambo matatu ambayo huwa naambiwa nikizungumzia haya, na yote matatu yanastahili jibu.

La kwanza ni kwamba paneli ndizo taka kubwa inayokuja, na kwamba kuzitengeneza kunakula umeme mwingi kuliko zinaoutoa. Si kweli. Paneli za kawaida za silikoni ni kioo kwa karibu robo tatu ya uzito wake, na fremu ya alumini. Zina risasi kidogo kwenye maungio na fedha kidogo sana, na hudumu miaka 25 au zaidi. Kwa jua la Nairobi, ambalo kwa wastani linatupa kama kilowati-saa tano kwa kila mita ya mraba kwa siku, paneli hurudisha umeme uliotumika kuitengeneza katika mwaka mmoja hadi miwili. Sisemi tuzitupe ovyo. Nasema tu kwamba anayehofia paneli na kuilalia betri amekosea chumba.

La pili ni kwamba lithiamu itatuokoa, au kinyume chake, kwamba lithiamu ni damu ya watoto wa Kongo. Wanaosema hivi wanazungumzia kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa upande wa Kolwezi na Likasi, miji ambayo Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya mgodini, na mateso ya wachimbaji wadogo wa huko ni ya kweli. Lakini betri nyingi za lithiamu zinazofungwa leo kwenye sola za nyumbani, na nyingi za pikipiki na mabasi ya umeme, ni za aina ya lithiamu, chuma na fosfeti. Hazina kobalti hata chembe. Hazina risasi. Zinavumilia kushushwa kwa kina mara elfu mbili na zaidi. Kwa mlaji wa Umoja ni chombo bora, nami ndiyo ninayomfungia kila mwenye uwezo.

Tatizo liko upande ambao watu hawauangalii. Kwa kuwa ndani ya betri hiyo hakuna kobalti wala risasi, hakuna anayeitamani ikishakufa. Mpelekee kijana wa Kariobangi betri ya namna hiyo uone: ataitoa nyaya za shaba na ganda la alumini, na seli zenyewe ataziacha kwenye rundo. Betri ya risasi inaokotwa kwa sababu ina thamani, na inapookotwa inatia sumu. Ya lithiamu haitii sumu kama ile, lakini inaachwa kwa sababu haina thamani, na ikiachwa inaishia Dandora, kwenye jaa linalofuka moshi usiku na mchana, chini ya magurudumu ya matingatinga. Seli ya lithiamu iliyopondwa inaweza kutoa gesi inayoshika moto, na maji yake yana kemikali za florini ambazo mchokoraji wa taka hapaswi kuzivuta. Kwa hiyo tunapobadilisha kemia tunabadilisha ugonjwa, lakini mizani ni ile ile inayotawala.

La tatu ni rai ya kupiga marufuku. Wengine wanataka betri za risasi zipigwe marufuku, wengine wanataka wauza vyuma chakavu wafukuzwe mtaani. Tuna kumbukumbu ya karibu. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya laini kubwa ya Kiambere kwenda Embakasi ilianguka baada ya vyuma vyake kuibwa, na stima zikapotea nchi nzima. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu. Kufikia katikati ya mwaka biashara ilikuwa imeruhusiwa tena. Niliielewa hasira ya wakati ule. Lakini naona uchungu kwamba serikali ilizikumbuka yadi hizi siku minara ya umeme ilipoanguka, na haikuwa imezikumbuka miaka kumi na mitano kabla yake, siku ilipoelezwa kuhusu damu ya watoto wa Dandora. Na marufuku ya aina hii inasukuma kazi gizani. Mwenye yadi anafunga lango mchana, shoka linafanya kazi usiku uani kwake, karibu zaidi na mahali watoto wanapolala.

Hapa niingize jambo ambalo linaweza kuonekana liko mbali na betri, ila kwangu ni jambo moja. Kwa sensa ya 2019, karibu kaya tisa kati ya kumi za Nairobi ni za wapangaji. Chukua ploti ya ghorofa saba pale Huruma yenye kaya 60 na paa la mita za mraba 200. Kila kaya ina haki ya mita tatu na kitu za jua, ukiwa hujatoa matangi ya maji na kamba za nguo. Hiyo ni paneli moja, na paa si lake. Ni la landilodi, ambaye hana sababu ya kumpunguzia mpangaji bili ya tokeni. Ndiyo maana sola ya mpangaji wa Eastlands huwa ni kisanduku kidogo na betri ndogo, kilichonunuliwa kwa malipo ya kila siku kupitia simu. Akikosa kulipa, kinafungwa kwa mbali, na kisanduku kisichowaka ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi huwa taka kabla ya wakati wake.

Mpangaji huyo hawezi kukimbilia paani. Anategemea waya wa Kenya Power, au ile stima ya sambaza, ya kuungwa kwa wizi, inayopita juu ya mabati ya Mathare na ambayo inaua watu. Tunajivunia, na tuna haki, kwamba karibu asilimia 90 ya umeme wa nchi hii unatokana na mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Usafi huo nao una watu nyuma yake. Kule Loiyangalani, mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana inasimama kwenye ardhi ambayo Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ilisema, Oktoba 2021, hati zake zilitolewa kinyume cha utaratibu. Kule Olkaria, familia za Wamaasai zilihamishwa 2014, na malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia. Sasa wenye nyumba katika mtaa wa kitajiri wa Runda na wenye viwanda wanafunga sola kubwa na kununua umeme kidogo tu wa waya, na kanuni za 2024 za kubadilishana umeme zinawapa nafuu kwa ziada wanayorudisha. Siwalaumu, ningefanya hivyo hivyo. Lakini nguzo, transfoma na mikopo ya laini havipungui wanapoondoka, na mzigo wake unabaki kwenye tokeni ya shilingi 100 ya mama wa Huruma. Kama tunataka kawi ya jua iwe ya haki, paa la shule, la soko na la ploti lazima liwe na njia ya kuuza umeme kwa wanaoishi chini yake, na landilodi apate sehemu yake ya kumfanya akubali.

Turudi kwenye mizani, maana dawa iko pale pale ugonjwa ulipo.

Kila Mkenya aliyewahi kutumwa dukani anaijua dawa yenyewe. Ulikwenda na chupa tupu ya soda ndipo ukapewa iliyojaa, na kama hukuwa na chupa uliacha amana. Hakuna aliyetufundisha kwa semina. Chupa ilikuwa na pesa ndani yake, kwa hiyo haikuonekana ikizagaa. Betri ya sola, ya aina yoyote, iuzwe na amana juu yake, iandikwe kwenye risiti, na irudishwe kwa atakayeileta, hata kama si yeye aliyeinunua. Na sharti liwe moja: amana inatoka kwa betri nzima, yenye maji yake. Siku kijana wa Kariobangi atakapolipwa zaidi kwa betri isiyopasuliwa kuliko kwa gunia la mabamba, ataweka shoka chini mwenyewe. Na kwa ile ya lithiamu ambayo leo haina mnunuzi, amana ndiyo itakayoipa thamani ambayo kemia yake imeikosa.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtwika mzalishaji na mwagizaji wajibu wa bidhaa yake hadi mwisho wa maisha yake, na kanuni za 2024 zimeweka utaratibu chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa. Kinachohitajika ni kuanza na betri kabla ya chupa za plastiki, na pesa hizo zifike kwenye mizani mtaani badala ya kuishia kwenye ofisi za mashirika ya kusimamia mpango. Kituo cha kuchakata taka za elektroniki kipo tayari upande wa Embakasi, na kinajua kazi yake. Ila kiko mbali na kijana mwenye mkokoteni, na mkokoteni hausukumwi kilomita kumi kwa shukrani. Weka sehemu ya kupokelea betri Kariobangi, nyingine Kayole, nyingine Gikomba, ndani ya yadi zile zile, chini ya wenye yadi wale wale, wakiwa na mapipa ya plastiki, glavu na bei iliyoandikwa ukutani.

Kampuni za pikipiki za umeme zimetuonyesha jambo bila kukusudia. Mwenye boda anayebadilishiwa betri kituoni hamiliki ile betri. Anaiazima, anairudisha, anachukua nyingine. Kampuni inajua kila betri iko wapi na ina nguvu kiasi gani, na ikichoka kwa pikipiki bado inaweza kuwasha taa za nyumba kwa miaka. Sioni kwa nini sola ya mpangaji isiuzwe hivyo: paneli na taa zake ni zako, betri ni ya kuazima. Anayeikodisha atataka ikae miaka kumi, na hatakufungia ya gari.

Na watoto wapimwe. Kipimo cha risasi kwenye damu si cha ajabu. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki inahudumia Eastlands yote, na zahanati za Dandora na Kariobangi zinaona watoto hawa kila mwezi kwa chanjo. Tone moja la damu kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi karibu na yadi, na majibu apewe mama yake kwa lugha anayoielewa. Bila vipimo hivyo, kila ninachokisema kitaendelea kuitwa maoni ya mhandisi.

Mwaka jana betri yangu mwenyewe ilikufa, baada ya miaka minne. Niliipeleka kwenye duka nililoinunua, na muuzaji, kijana mpole, akaniambia hawapokei kuukuu, ila kuna mtu hupita nyuma ya duka na mkokoteni. Nikairudisha nyumbani kwa teksi. Iko chini ya ngazi, imesimama wima, imefunikwa gunia, maji yake ndani. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya saa tatu, naisikia sauti ikikaribia kutoka upande wa barabara: chuma, mtungi, betri mbovu. Ameshagonga lango langu mara tatu. Mara ya mwisho alipandisha bei, ila kwanza akauliza kama nimeshamwaga maji.